Mwana Atoke Chumbani

Baiskeli arobaini zilianguka kwa mpigo mmoja. Jorinde aliivuta yake tu, kwa hasira ya kuchelewa, na mstari mzima pale chini ya stesheni ya mji wetu wa Groningen ukalala chini kwa kishindo. Abiria wa treni ya saa mbili asubuhi walimpita macho wakiyapeleka pembeni, maana sisi huku hatupendi kuonekana tunatazama. Mmoja tu ndiye aliyesimama: kijana mrefu, koti la mvua la njano, soksi moja ya buluu na nyingine ya kijani, anacheka mpaka machozi.

"Cheka tu," Jorinde akamwambia. "Mungu anakuona."

"Dada, hiyo ya chini kabisa ni yangu. Umeiua."

"Maskini. Ilikuwa na umri gani?"

"Bado mbichi. Na haikuacha wosia."

Jorinde akamtazama vizuri. Mzaha wa namna hiyo haufanywi na mtu wa kawaida. "Usiniambie na wewe unasoma maadili ya tiba!"

"Mwaka wa pili. Naitwa Wessel."

"Mimi wa kwanza. Jorinde. Haya, shika huku, inua."

Waliziinua zote, moja moja, na walipofika ya mwisho walikuwa wameshakubaliana kunywa kahawa. Kufikia Desemba, mswaki wa Wessel ulikuwa umehamia kwa Jorinde. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Darasa zima lilijua kabla wenyewe hawajajua.

Wanafunzi wa fani hii wana ukatili wao. Wanawaua watu watano na kuwaokoa watatu kwa hoja tu kabla ya chakula cha mchana, kisha wanaulizana nani ana chumvi. Wawili hawa hawakuwa tofauti. Walibishana huku wakinywa supu ya mbaazi, nani apewe figo ya mwisho, Jorinde kavaa sweta la sufu la baba yake lililomfika mapajani, nywele zake nyekundu kazibana kwa penseli.

Simu zao nazo zilikuwa hivi, Wessel akianza:

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula mkate na jibini."

"Hicho si chakula, hiyo ni adhabu."

"Njoo basi unipikie, usinipigie kelele."

Jambo moja tu Jorinde hakumwambia. Baba yake, mzee Harmen, aliyefungua na kufunga malango ya mfereji wa mashua kwa miaka thelathini na minne, alikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Alikuwa ameshaandika karatasi na kuitia saini: asaidiwe kufa angali anaujua uso wa binti yake. Sheria yetu inaruhusu, lakini muda ni mfinyu. Akichelewa, akili ikishakwenda, ni vigumu kumpata daktari wa kumkubalia.

Na Jorinde alikuwa akimchelewesha. "Subiri, Baba. Subiri nimalize, uje unione na joho." Mzee akiwa na daktari alisema sasa. Binti akiingia na kukaa karibu naye, alisema bado.

Wessel aliambiwa tu kwamba mzee amezeeka, anasahau sahau. "Nikimwambia," Jorinde alijisemea, "atanipa hoja. Mimi nataka anipe bega."

Daktari Oosting, aliyemtibu mzee, alikwama. Akafanya tunavyofanya huku mganga akikwama: akakipeleka kisa hospitalini, kwenye kikao cha kujadili visa vigumu vya wagonjwa. Kikao hicho kina kanuni zake. Mleta kisa hubadilisha jina, jinsia na kazi ya mgonjwa ili asijulikane. Wanafunzi wa mwaka wa pili hukaa mezani na kusema kama wengine. Na kila mmoja huapa kwamba yaliyosemwa humo hayatoki, wala hasemi kama alikuwemo.

Basi mzee Harmen akawa mama mwalimu mstaafu, na binti akawa mtoto wa kiume. Wessel akanyoosha mkono. Alikuwa na sentensi aliyoiandika kwenye insha yake, na Jorinde mwenyewe, siku aliposomewa, aliibusu ile karatasi.

"Mapenzi ya mwana ndiyo sauti kubwa kuliko zote chumbani," Wessel alisema. "Mwana atoke chumbani, mzazi asikilizwe peke yake."

Meza nzima ikakubali. Ikaandikwa kwenye ushauri, neno kwa neno. Jioni ile alirudi kwa Jorinde na shada la tulipu, anapiga mluzi.

"Mbona hivyo? Umeokota nini?"

"Leo nimesema jambo la maana, mpenzi."

"Jambo gani?"

"Kiapo, mama. Kiapo."

"Toka hapa na kiapo chako," Jorinde akasema, akacheka, akayatia maua majini.

Wiki mbili baadaye, Daktari Oosting alimwomba Jorinde akae nje kidogo. Alikaa dakika thelathini na tano kwenye korido, akihesabu vigae. Mzee alipotoka alikuwa na tarehe: Alhamisi ya wiki iliyofuata. Daktari alikuwa mtu mkweli, hakutaka binti adhani ni ukatili wake peke yake. Akamwonyesha ule ushauri. Jorinde akaisoma sentensi ile. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wanasema, na mwili wake wote uliusikia uchungu.

Akampigia Wessel akiwa bado kwenye maegesho.

"Ulikuwa kwenye kile kikao?"

"Kikao gani?"

"Wessel, usinichezee. Cha yule mama mwalimu. Ulikuwemo au hukuwemo?"

"Jori, unajua siwezi kusema. Hata wewe mwakani utaapa."

"Yule mama mwalimu ni baba yangu."

Wessel alitaka kusema: sikujua, haki ya Mungu sikujua. Lakini kusema hakujua ni kusema alikuwemo, na alikuwa amefundishwa kwamba anayevunja siri ya mgonjwa hafai kazi hii. Akili yake iliganda hapo, ikizunguka kanuni, wakati mwanamke anayempenda akihema masikioni mwake.

"Siwezi kuzungumzia kisa chochote," akasema.

Mjinga! Mpaka leo nikisimulia hapa natamani kumzaba kibao.

"Kisa," Jorinde akarudia taratibu. "Sawa. Kwa hiyo ulijua. Ukaniletea na maua." Akakata simu. Kesho yake mswaki ulifika kwa Wessel kwa posta, ndani ya bahasha, bila barua. Alipiga simu mara kumi na moja, haikupokelewa.

Alhamisi ikafika na ikapita. Jorinde alimshika baba yake mkono, na baba alimwita kwa jina lake mpaka mwisho.

Mazikoni Wessel alikwenda bila kualikwa, kavaa suti nyeusi ya kaka yake iliyomwacha vifundo vya mikono nje. Akajipanga ukumbini kwenye foleni ya kutoa pole kama wengine. Kila mtu alishika mkono wa Jorinde, akasema, "Nakutakia nguvu," akaenda kwenye kahawa na kipande cha keki. Ilipofika zamu yake, Daktari Oosting akiwa nyuma yake hatua moja, alisema kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia:

"Nilikuwemo. Ni mimi niliyesema. Walituambia ni mwanamke, Jori. Sikujua."

Jorinde akamshika kiwiko, akamtoa nje kwenye changarawe. Alikuwa amekonda, na sweta lile la sufu alilivaa juu ya gauni jeusi.

"Sasa wanaweza kukufukuza," alisema.

"Wafukuze."

"Najua hukujua. Nilijua baada ya siku mbili, hasira zilipopoa. Wewe huwezi kudanganya hata kidogo."

"Mbona hukupokea simu, basi?"

Jorinde aliyatazama magari. "Baba alipotoka kwa daktari alikuwa anacheka, Wessel. Miezi sita sikuwa nimemsikia akicheka. Alipata kusema anachokitaka bila kuniangalia usoni. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfunga."

"Ulimpenda tu. Turudiane, laazizi. Tafadhali."

"Ungekuwa umekosea, ningekusamehe leo hii, hapa hapa. Lakini ulisema kweli. Hata ningekuwa mezani pale, ningesema vile vile. Sasa nikusamehe nini? Kila nikikuona nitakumbuka nilitolewa nje ya mlango wa baba yangu. Na kwamba nilistahili kutolewa."

"Nakupenda, Jori."

"Na mimi nakupenda. Hayajaisha, hiyo ndiyo taabu yenyewe."

Akamfunga kifungo cha koti kilichokuwa wazi, akarudi ndani, mashangazi wakimngoja kwa mikono iliyonyooshwa. Wessel alibaki nje mpaka kahawa ikaisha na gari la mwisho likaondoka, ndipo alipotambua kwamba hakuna aliyemwomba asubiri.