Mikanda ya Kiti cha Nasma

Alhamisi, saa moja na dakika kumi asubuhi. Katika gereji moja ya mtaa wa Gerezani, mlango wa dereva wa gari jeupe la mashindano ulikuwa wazi. Chini ya dashibodi palikuwa na nafasi tupu. Kontroli boksi, kompyuta inayoendesha injini, haikuwepo.

Inspekta Polycarp aliinama akatazama bila kugusa kitu. Nyaya zilichomolewa, hazikukatwa. Kufuli la gereji lilikuwa zima.

"Akina nani wana funguo?"

"Mimi, Fundi Bushiri na kaka yangu Abdulmalik," alijibu Nasma, mwenye gari.

Inspekta alimfahamu. Nasma alitwaa ubingwa wa rali mara nne, Abdulmalik akiwa kiti cha pembeni akimsomea ramani. Alihamia mbio za malori, akatwaa ubingwa huko pia. Sasa alikuwa anaongoza mbio za mzunguko, na raundi ya mwisho ilikuwa Jumapili. Hakuna dereva nchini aliyewahi kuwa bingwa wa zote tatu.

"Huwezi kufunga boksi lingine?"

"Hili limepangwa kwa injini hii tu. Ukaguzi ni kesho jioni. Gari lisipowaka, nimeshatoka."

Mzee Bushiri alipangusa mikono. "Vijana wanaoiba spea hao, afande. Ingia Kariakoo, saa hizi lina mteja tayari."

"Kijana wa spea angekata nyaya, mzee. Na hii redio ya mawasiliano angeibeba."

Bushiri aliitazama redio.

Inspekta alielekeza kalamu kwenye kiti. Mikanda ilikuwa imefunguliwa na kulazwa nje, kushoto na kulia.

"Jana uliiacha hivi, mzee?"

"Ishike grisi? Mimi huifunga kitini kila siku."

"Nani huilaza nje?"

Fundi alimtazama Nasma.

"Kaka," Nasma alisema. "Tangu enzi za rali. Ili nikiingia kwa haraka nisiikalie."

Inspekta na Nasma walimkuta Abdulmalik kwenye duka lake la spea Kariakoo, akipanga plagi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leo umeniletea serikali?"

"Jana usiku ulikuwa wapi?" aliuliza Inspekta.

"Nyumbani. Muulize mke wangu."

"Ulichomoa boksi. Ulipomaliza, ukamwandalia dereva mikanda."

"Nani kaniona?"

"Hakuna. Lakini mwizi gani anamwandalia dereva kiti?"

Abdulmalik alicheka kidogo, kisha akaacha. Alinyoosha mkono rafu ya juu, akashusha kitu kilichoviringishwa kwenye taulo safi. Lilikuwa boksi.

"Nimelichukua mimi," alisema. "Mbio za mzunguko hazina msoma ramani. Watangazaji redioni ni Nasma, Nasma tu. Kila kona ya rali niliitamka mimi kwanza. Nilitaka akose taji hili moja, arudi kwenye rali. Tuwe wawili."

"Ungeniambia, kaka."

"Nikuombe kiti? Mimi niliyekufundisha gia?"

Nasma alilipokea boksi, akakagua pini zake. Hakuna iliyopinda.

"Ulinifundisha, na sijawahi kuficha," alisema. "Ubingwa wa rali ni wetu wawili. Malori nilishinda mwenyewe. Na taji hili nalifuata mwenyewe. Afande, nenda naye."

Abdulmalik alitia saini maelezo ya kukiri kosa kabla ya adhuhuri. Ijumaa jioni gari lilipita ukaguzi. Jumapili, saa tisa na nusu alasiri, Nasma alivuka mstari wa mwisho akiwa wa kwanza.