Herufi ya Sekela

Msichana kutoka Kigali alikuwa bado hewani, kichwa chini miguu juu, Kipimagumu, chombo cha kupima ugumu wa miruko, kilipotoa hukumu. Herufi D ya kijani iliwaka juu ya boriti ya jimnastiki, ikaelea pale bila waya wala nguzo, na alipotua wenzake walikuwa wameshaanza kumpigia makofi. Hakuna aliyegeuka kumtafuta mwamuzi. Waamuzi wa ugumu walistaafishwa zamani, na katika Ukumbi wa Itega, Dodoma, viti vyao siku hizi viliwekewa mabegi.

Injinia Nyamizi Kasubi alitazama kutoka kwenye kibanda cha vioo, akajisikia kama mama ambaye mwanawe anasoma vizuri mbele ya wageni. Kipimagumu kilikuwa kazi yake. Vijicho vyake, vidogo kuliko mbegu za papai, vilitapakaa dari nzima, na nyuma yake kulikuwa na akili mnemba iliyokwisha kuona wasichana wengi wakiruka kuliko kocha yeyote aliyewahi kuzaliwa.

Zamani, ugumu wa kila mruko ulipangwa na kamati. Watu wazima walikaa mezani, wakabishana, wakaupa herufi: A kwa mruko mwepesi, kisha B, kisha C, na kuendelea kupanda, kila herufi ikiongeza sehemu moja ya kumi ya alama. Herufi za miruko yote zilijumlishwa, na hiyo ndiyo ikawa alama ya ugumu. Unadhifu ulihesabiwa kando, na mpaka leo ulikuwa mikononi mwa binadamu. Taabu ilikuwa hiyo meza. Msichana wa taifa kubwa akibuni mruko, herufi yake ilipanda mbio. Wa taifa dogo, yake ilisinzia. Nyamizi mwenyewe alikuwa mwanajimnastiki na alizionja herufi za kusinzia. Alipokua akatengeneza chombo kisichojua bendera. Kilijiuliza swali moja tu: mruko huu unawaangusha wangapi? Unaowaangusha wengi ni mgumu, unaowaangusha wachache ni mwepesi, na mjadala umekwisha.

Kwa hiyo mlango wa kibanda ulipofunguliwa na kocha Lugano Mwakalinga wa Tukuyu akaingia bila kubisha hodi, Nyamizi alikuwa na majibu yake tayari.

Lugano alikuja kwa ajili ya Sekela, mtoto wa dada yake mkubwa; yeye, mama mdogo, ndiye aliyemlea na kumfundisha tangu dada huyo alipofariki. Sekela alikuwa amebuni mruko mpya kwenye boriti. Mazoezini alisimama mwisho wa boriti, akapaa kinyumenyume, akapiga samasoti, akageuka nusu hewani, akatua kwa mguu mmoja huku wa pili ukielekea dari. Kisha akabaki hapo, kimya, kama vile boriti ile yenye upana wa kiganja ni sakafu ya sebuleni kwao. Hakuna msichana mwingine duniani aliyewahi kuufanya. Desturi ya jimnastiki ni moja na haina upendeleo: atakayekuwa wa kwanza kuutua mruko katika mashindano, mruko utaitwa kwa jina lake daima.

Lugano alikuwa ametuma picha za video za mazoezi ya nyumbani ili mruko upimwe mapema. Kipimagumu kiliupa A.

Kwa A, haukufaa kitu. Lugano hangemruhusu mtoto ahatarishe shingo kwa thamani ya kijiruko cha chekechea, na bila mruko huo Sekela hangeweza kumfikia Nakirya wa Kampala, aliyekuwa anaongoza. Herufi zingefungwa mazoezi ya jioni hiyo yakiisha. Baada ya hapo, hakuna jina wala medali.

Nyamizi alimweleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi, kwamba chombo hakina chuki na mtu. Lugano akamjibu kwamba hata mizani ya dukani haina chuki, lakini mwenye duka huikagua. Neno hilo lilimchoma Nyamizi. Akazifungua picha za Tukuyu ili amwonyeshe mgeni wake, na ndipo alipoona.

Sekela anatua. Sekela anatua tena. Nguo tofauti, mvua dirishani, jua dirishani, na kila mara anatua.

"Za kuanguka ziko wapi?" akauliza.

"Nilizifuta."

"Zote?"

Lugano alitazama vidole vyake. "Injinia, yule ni mwanangu. Akianguka kwa shingo, nasikia sauti ile mpaka jikoni. Nitaiwekaje ndani ya nyumba niitazame tena? Kila jioni nilifuta, nikabakiza nzuri."

Watu husema kuteleza si kuanguka; kwa Kipimagumu, asiyeanguka hajafanya kitu. Kilionyeshwa mruko usiomwangusha mtu, nacho kikasema ukweli kilioujua: ni mwepesi. Na Nyamizi, aliyekijenga, hakuwahi kuwaza kwamba kuna mapenzi yanayofuta maanguko. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilimstahili.

Angeweza kuiandika herufi kwa mkono wake. Lakini hapo angekuwa amejifanya kamati ya mtu mmoja, na sheria ya kukataza jambo hilo aliitunga mwenyewe. Njia ilibaki moja. Mpaka ukumbi ufungwe, Kipimagumu kilijifunza kwa lolote kilicholiona. Kilihitaji maanguko, tena ya kweli, maana anayejiangusha makusudi kilimtambua kabla hajafika chini. Ya Sekela yasingetosha, kwani siku hizi alianguka kwa nadra. Walihitajika wengine.

Alishuka ukumbini, akawakusanya wasichana, akawaeleza bila kuficha: anayetaka, ajaribu mruko wa Sekela kwenye boriti ya mazoezi, ile iliyo juu ya shimo la sifongo, kwa nguvu zake zote. Wakianguka, herufi ya mpinzani wao itapanda.

Wasichana wakatazamana. Lugano alimshika Sekela bega, akamwambia waende wakafungashe, chema chajiuza, kisipouzika leo kitauzika kesho. Sekela hakusogea. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakutaka kuyafuta mbele za watu.

Nakirya alikuwa anajipaka unga mweupe viganjani. Alikuwa na kila sababu ya kuendelea kujipaka.

"Unatua na mguu gani?" akauliza.

"Wa kushoto," Sekela akasema.

Nakirya akapanda. Alipaa vizuri, akageuka vizuri, akaikosa boriti kabisa, akazama kwenye sifongo mpaka nywele. Akatoka anacheka na kukohoa. Msichana wa Kigali akafuata, naye akazama. A ikafutika, ikawaka B.

Hapo ikawa foleni. Sekela alisimama kando akiwaelekeza, kwa moyo kweli, wapi pa kutazama na wakati gani wa kunyoosha goti, nao wakajaribu kweli na kuanguka kweli. C. D. Mmoja aligusa boriti kwa kidole gumba, ukumbi ukapiga kelele, naye akazama. E. Lugano, ambaye hakuwahi kutazama anguko mara mbili, alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa shimo, akiwavuta mmoja mmoja.

"Wewe ulianguka mara ngapi?" Nakirya akamuuliza Sekela, akijitoa vipande vya sifongo masikioni.

"Mpaka mama mdogo akaacha kutazama."

Nakirya hakucheka tena. Alirudi kwenye foleni.

Kengele ya kufunga ilipolia, herufi juu ya boriti ilikuwa H, na hapakuwa na mruko mwingine ulioifikia.

Kesho yake ukumbi ulifurika. Nakirya alifanya boriti yake bila doa, na watu walidhani mambo yamekwisha. Kisha Sekela akapanda. Alisimama mwisho wa boriti, akavuta pumzi, akapaa. Mguu wa kushoto ukashuka, ukashika, mwingine ukaelekea dari. Akabaki. Alibaki muda mrefu hata Nyamizi, kibandani, akajikuta ameshika kifua kwa mikono miwili. Kisha hewa juu ya boriti ikaandika: SEKELA, H. Ukumbi mzima ulisimama, na wa kwanza kusimama walikuwa wale waliozama kwenye sifongo.

Baada ya medali, ya dhahabu ikiwa shingoni mwake, Sekela alimfuata Nyamizi.

"Shikamoo, Injinia. Hiyo H itabaki siku zote?"

"Marahaba. Jina litabaki. Herufi itashuka, kadiri wenzako watakavyojifunza kutoanguka. Siku moja itakuwa A, na hapo itakuwa A ya haki."

Sekela alikuwa bado anaitafakari habari hiyo alipomwona Nakirya, medali ya fedha ikiruka kifuani, anavuka kamba kuelekea boriti ya mazoezi.

"Unakwenda wapi?"

"Kuishusha hiyo H yako," Nakirya akasema.

Akaivua medali, akampa Lugano amshikie. Akapaa, akageuka, akaigusa boriti kwa kisigino, akazama. Lugano alikuwa ametazama mwanzo hadi mwisho. Akamnyooshea mkono.