Mdhamini wa Eliasi

Dada yangu Lydia ana huruma ya kijinga, nimemgombeza hadi nimechoka. Mwaka 1994 alikuwa kaunta ya watoto, maktaba ya mjini Arusha. Jumamosi moja asubuhi akaja mama mmoja mpole, Namnyaki, anataka kumwandikisha mwanawe Eliasi, miaka sita. Fomu ilidai mdhamini mwenye kazi, atie sahihi chini ya maneno haya: namfahamu mtoto huyu. Mama akasema hana wa kumwomba, mumewe kapunguzwa kazini, majirani vilevile. Mwaka ule nani hakupunguzwa? Lydia akasaini mwenyewe. Huyo mtoto hajamwona hata ukucha.

Wiki mbili zikapita, kadi haijachukuliwa. Lydia akaamua kuipeleka Moshono, kwenye anwani ya fomu, saa ya chakula cha mchana. Mwanawe Calvin, naye wa miaka sita, akamwacha chumba cha watoto na vitabu vya picha, kama siku zote.

Kwenye anwani ile alimkuta mzee Sumari akipalilia migomba. Akamwamkia, akampa kadi. Mzee aliisoma, akaketi chini palepale. Kisha akamwonyesha makaburi mawili nyuma ya nyumba, la mkwe wake Namnyaki na la mjukuu wake Eliasi. Surua ilimchukua mtoto, mama akafuata. Mwaka wa nne huo. Kaburi dogo lilikuwa limetitia, na udongo wake ulikuwa mbichi.

"Nani amesema anamfahamu?" mzee akanong'ona.

"Mimi."

"Una mtoto, mwanangu?"

Lydia alikimbia kurudi maktaba.

Calvin alikuwepo. Jamani, tulimshukuru Mungu mapema mno. Alikaa kitini, mikono magotini, kimya. Watoto wenzake wakasema kuna mama alikuwa anamsomea, ametoka sasa hivi. Mlinzi wa mlangoni hakuona mtu akipita.

Lydia alichana fomu. Kadi akaichoma. Mchungaji aliomba siku tatu. Daktari hakuona ugonjwa. Mimi nilimwita Calvin kwa jina lake hadi sauti ikanikauka. Hageuki. Hali. Hasemi.

Siku ya nne Lydia alipiga magoti mbele yake akilia, akamshika mashavu. Yalikuwa ya baridi.

Mtoto akamtazama kwa adabu, kama mgeni.

"Shikamoo, dada. Usilie. Calvin ameenda na mama yangu."