Wagonjwa wa Dakika Tano Tano

Kila Jumamosi, Chiriku alifua sare zake, akazianika, kisha akafuatana na shangazi yake kazini. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa profesa wa uhandisi, lakini usimtafutie nyundo wala daraja. Kazi yake ilikuwa foleni! Kwa miaka ishirini alizunguka viwandani, vituoni na hospitalini, akihesabu wanaosubiri na kutafuta namna ya kuwapunguzia adha.

Safari hii walikuwa zahanatini. Chiriku alikaa karibu na madirisha mawili ya dawa, akapewa saa na daftari, naye shangazi akaenda kuhesabu foleni ya daktari. Kila mgonjwa akifika, aandike muda.

Alianza vizuri. Kufika saa nne, rafiki zake wakapita na kamba.

"Njoo uruke mara moja tu!"

Mara moja gani hiyo? Aliporudi, saa nzima ilikuwa imeyeyuka, na kina mama wenye watoto wagonjwa wamepanga mstari hadi mlangoni. Akaangaza huku na huku, akajaza daftari haraka: saa nne na dakika tano, na dakika kumi, na robo. Kila dakika tano, mgonjwa mmoja.

Jioni, shangazi alimaliza kukokotoa. "Kumbe saa nne dirisha moja linatosha! Kesho nitamwambia mfamasia alifunge la pili."

Chiriku akakumbuka mstari ule hadi mlangoni. Wale kina mama je? Mdomo wote ule, leo ukawa mzito.

"Shangazi, nisamehe. Saa nne sikuwepo. Nilienda kucheza, nikatunga."

Alisubiri kufokewa. Shangazi akavua miwani, akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali umesema kabla sijampigia simu mfamasia! Nilijiuliza, wagonjwa gani hawa wanaofika kila dakika tano kamili, kama wanaopeana zamu tangu nyumbani? Lakini nikasema, ameandika Chiriku, basi ni kweli."

Maneno hayo yalimchoma kuliko fimbo, akalia. Hata hivyo alijisikia mwepesi, kama aliyetua ndoo kichwani.

Jumamosi iliyofuata hakubanduka. Saa nne peke yake walifika wagonjwa arobaini na watatu, na madirisha yote mawili yakabaki wazi.

"Umeona?" shangazi alimwambia, akimshika bega. "Hesabu zangu haziwezi kusahihisha uongo. Ukiandika usichokiona, mimi nitakosea, lakini atakayeteseka ni mama aliyesimama pale na mtoto mwenye homa."