Keki ya Kananu

Mvua iliwakuta watu wa soko la Embu bila kuwapa ishara. Wauzaji wa nyanya walivuta maturubai, wanunuzi wakakimbilia vibarazani, na katikati ya vurugu hiyo akabaki mwanamke mmoja mwenye gauni la njano na sweta ya kijivu. Mikononi alikuwa amebeba boksi kubwa la kadibodi. Hakuweza kukimbia, na kusimama nako kulikuwa hatari.

"Dada, utanyeshewa!" mtu alimpigia kelele.

"Mimi si kitu," akajibu bila kugeuka. "Shida ni keki. Ikilowa, nimekwisha."

Akasikia mwavuli ukifunguliwa. Haukuja juu ya kichwa chake, ulikuja juu ya boksi. Aliyeushika alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye shati la kazi la buluu, na maji yalikuwa yameanza kumtiririka puani.

"Inaenda wapi?"

"Kanisani, pale juu. Harusi ni saa nane."

"Haya, twende. Wewe angalia njia, mimi nitaangalia keki."

Walipofika, boksi lilikuwa kavu kabisa, na wao wawili walikuwa kama watu waliovuliwa mtoni. Mwanamke akamtazama, akashindwa kujizuia, akacheka hadi akaegemea mlango wa kanisa.

"Unaitwa nani, mlinzi wa keki?"

"Mugendi."

"Mimi Wambeti. Napika hizi keki mtaa wa Majimbo, hapa mjini. Ukiwa na sherehe yoyote, nitafute."

"Na nisipokuwa na sherehe?"

"Utafute sherehe."

Alimtafuta yeye Jumanne iliyofuata, bila sherehe.

Wambeti alikuwa na miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Siakago. Aliacha kazi ya ofisini ili apambe keki, na watu wa Embu walimjua kwa jambo moja: alitengeneza familia nzima kwa sukari. Ungempa picha, naye angefinyanga nyanya yako na kitambaa chake cha kichwa, babu na fimbo yake, hata mbwa wa nyumbani, akawapanga juu ya keki. Kuna waliolia kabla hawajaikata. Mugendi alikuwa fundi wa umeme kwenye bwawa la Kiambere. Kila alipopata siku za mapumziko alikuja Majimbo, akakaa kwenye kigoda karibu na oveni, akamtazama akifanya kazi.

"Mbona huyu mzee umempa tumbo kubwa hivyo?"

"Ndivyo alivyo. Watoto wake wameniambia nisimwonee huruma."

"Na ukinitengeneza mimi?"

"Wewe nitatengeneza masikio tu. Watu watakujua."

"Mpenzi, haya masikio ndiyo yanakusikia ukinipigia simu saa kumi na moja asubuhi."

"Basi niache kupiga?"

"Thubutu!"

Hivyo ndivyo walivyopendana, kati ya unga na harufu ya vanila. Lakini kila baada ya wikendi moja Mugendi alipanda kwenda Nkubu, upande wa Meru, "kumwona mama". Wambeti akiomba waende pamoja, aligeuza uso akatazama nje.

"Bado kidogo, roho yangu."

Mugendi alikuwa na jambo la kumwambia. Alikuwa amefiwa na mke, na alikuwa na binti. Mara tatu alilianza jambo hilo, mara tatu akalimeza. Aliona kwamba akilitoa, kile kicheko cha Wambeti kingebadilika, kingekuwa cha pole.

Mwezi wa Novemba, mwalimu mmoja wa Nkubu ambaye Wambeti hakumjua alimpigia simu. Alikuwa ameziona keki zake kwenye simu ya rafiki.

"Ni ya mtoto wa jirani yangu, Kananu. Anatimiza miaka saba. Andika hivi: Kananu wetu, kutoka kwa Baba na Mama. Nakutumia picha, uwatengeneze wote watatu."

Picha ikafunguka. Mwanamke wa gauni la buluu alikuwa amesimama kwenye nyasi, anacheka. Kando yake alisimama mwanamume aliyembeba mtoto mabegani, na masikio ya mwanamume huyo Wambeti angeyajua hata gizani.

Aliweka simu mezani, akaiosha mikono iliyokuwa safi. Kisha akampigia Mugendi.

"Wikendi hii uko wapi?"

"Nkubu, kwa mama. Kuna shughuli ndogo ya familia."

"Shughuli gani?"

"Wambeti, nikirudi Jumapili kuna kitu nataka kukuambia. Si cha simu."

"Sawa," akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kiasi kwamba Mugendi alilala akiwa na amani.

Kwa siku nne aliipamba keki ile kwa mikono iliyojaa chuki. Alimfinyanga mwanamume, akamfinyanga mtoto, akamfinyanga mwanamke na gauni lake la buluu. Ila uso wa mwanamke aliuacha mtupu, hana macho, hana mdomo. Hasira haikumwacha ajiulize kwa nini mtoto wa miaka saba kwenye picha ile alionekana wa miaka mitatu.

Jumamosi Nkubu ilikuwa na ukungu. Uani kwa Eunice, nyanya yake Kananu, chini ya hema, akina mama wa kanisa walikuwa wakipakua mukimo wa viazi na mahindi, na watoto wakikimbizana kati ya viti vya plastiki. Wambeti alishuka kwenye gari alilolikodi akiwa na gauni jekundu, midomo imepakwa rangi, viatu vya kisigino vikizama kwenye matope. Akaiweka keki mezani, akaifungua. Mugendi, aliyekuwa akipanga soda, akasimama wima.

"Wambeti?"

"Ndiyo, mimi ndiye fundi wa keki." Akawageukia wageni, anatabasamu. "Samahani, wazee na akina mama, sina maneno mengi. Naomba tu mama ya huyu mtoto ajitokeze nimsalimie. Tumekuwa tukitumia mwanamume mmoja bila kujuana."

Kijiko kilianguka mahali fulani. Hakuna aliyekiokota.

Msichana mdogo wa gauni jeupe akatoka kati ya wenzake. Alidhani ameulizwa swali, na shuleni alikuwa amefunzwa kujibu maswali.

"Mama yuko pale," akasema, akinyoosha kidole ng'ambo ya migomba, penye kaburi la vigae vyeupe. "Hawezi kuja. Huwa tunampelekea kipande cha keki."

Wambeti akalitazama kaburi. Aliona tarehe ya kifo, ya miaka minne iliyopita.

Kananu alikuwa ameikaribia keki, akaegemea meza kwa viwiko.

"Mbona Mama hana macho?"

Eunice, mama mfupi aliyemlea mjukuu huyo tangu binti yake Makandi, mama ya mtoto, alipofariki, akaja akamshika mtoto mkono, akamwongoza ndani. Alimpita Wambeti kama anavyopita mti.

Mugendi alimsindikiza Wambeti hadi langoni.

"Ungeniambia," Wambeti akasema. "Miezi saba, Mugendi. Ungeniambia."

"Ningekuambia kesho. Hilo ni kosa langu, nimelikubali. Lakini yule ni mtoto. Ungeniuliza mimi. Ungenitukana mimi, hata mbele ya wenzangu wote bwawani."

"Mugendi, sikujua..."

"Nenda, Wambeti. Tafadhali."

Akaenda.

Wiki zilizofuata alipiga simu hadi aibu ikamzuia. Ujumbe wake ulisomwa, haukujibiwa. Maagizo ya Krismasi yakaja, naye akakataa yote yaliyotaka sanamu za watu. Alipamba kwa maua na riboni tu. Wateja wakanung'unika, wengine wakahama. Mama yake akapiga simu kutoka Siakago.

"Yule kijana wa Kiambere, mbona simsikii tena?"

"Yupo, mama. Ana kazi nyingi."

"Na wewe mbona unaongea kama mtu mwenye homa?"

"Ni baridi tu."

Kule Kiambere, Mugendi alimaliza zamu, akakaa kwenye ukuta akiyatazama maji. Mwanzoni alikuwa na hasira. Kadiri siku zilivyopita hasira ikapungua, ikabaki aibu yake mwenyewe. Alikuwa amemficha mtoto wake kama ugonjwa. Kama Wambeti angemjua Kananu tangu Aprili, angekuja pale na keki yenye macho.

Januari, siku ya Ijumaa, simu ya Wambeti ikalia.

"Wambeti."

"Nakusikia."

"Sikupigii kwa mambo yetu."

"Sawa."

"Ile keki ilikatwa, lakini Kananu aliwachukua wale watu wa sukari akawaweka kwenye kopo chini ya kitanda. Juzi sisimizi waliingia." Akajikaza. "Wamemla Mama. Sisi wawili wametuacha. Sasa usiku hapati usingizi, na amekataa shule. Anasema Mama hakuwa na macho, ndiyo maana hakuwaona wakija."

Wambeti alijikuta ameketi sakafuni, mgongo umeegemea oveni.

"Nitakuja kesho," akasema.

Alifika mapema, amevaa sketi nyeusi na raba, na mfuko wa vifaa begani. Eunice alimfungulia mlango, akamwonyesha chumba cha mtoto, akaenda zake jikoni. Kananu alikuwa ameketi kitandani, kopo liko mapajani.

"Ulikuwa unamchukia Mama?" akauliza hata kabla ya salamu.

Wambeti alikuwa ameandaa maneno mengine njiani. Yote yakamtoka akilini.

"Ndiyo. Siku nne. Nilidhani yuko hai, nikadhani ninyi wote mmenificha. Sikuuliza. Nilikasirika, nikaja nikakuaibisha siku yako, mbele ya marafiki zako. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mtoto akalizungusha kopo mapajani.

"Alikuwa na mwanya," hatimaye akasema. "Hapa."

"Mkubwa?"

"Mdogo. Baba anasema mdogo. Mimi sikumbuki vizuri." Sauti ikakatika. "Sikumbuki vizuri, na sasa wamemla."

Wambeti hakumkumbatia, maana hakuwa na haki hiyo bado. Alitandaza karatasi sakafuni, akatoa donge la sukari, akalikata nusu, akampa. Wakafinyanga. Kananu alitengeneza gauni, likatoka nene kama blanketi. Wambeti akatengeneza mikono.

"Nataka ujue kitu, Kananu. Hii ni sukari. Hata tukimfunika namna gani, siku moja ataharibika tena."

"Halafu?"

"Halafu tunamtengeneza tena. Nitakufundisha mpaka uweze bila mimi."

"Macho nitaweka mimi."

"Weka wewe."

Mtoto akachovya kijiti cha meno kwenye rangi nyeusi, akauma ulimi. Jicho moja likakaa juu ya lingine. Alimtazama yule Mama mpya wa sukari, akacheka kidogo, kisha akalia, akalia sana, kilio cha miaka, kichwa chake kikianguka chenyewe begani kwa Wambeti. Mugendi, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, aligeuka akatoka nje.

Wambeti alimkuta karibu na migomba.

"Unataka kujua kwa nini sikukuambia?" akasema bila kumtazama. "Ukicheka kule Majimbo, kwa saa mbili tatu nilikuwa mtu ambaye hajafiwa. Nilizipenda zile saa. Nikaogopa kuzipoteza."

"Nami nikakupotezea zote kwa siku moja."

"Tulizipoteza sote." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Wambeti, bado nakutaka. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa. Nataka tuoane. Lakini ujue unakubali nini. Kaburi liko hapa. Mtoto atakuuliza maswali kama yale ya leo. Na kicheko cha zamani sina hakika kama kitarudi."

"Hata mimi sina hakika."

"Unasemaje?"

"Nasema ndiyo." Alikuwa analia, lakini sauti haikuyumba. "Ila kuna mtu wa kuulizwa kwanza."

Eunice alikuwa jikoni akimenya viazi. Walisimama mlangoni kama watoto waliovunja chombo. Mugendi akasema alichokuja kusema, kwa maneno machache, akimwita Mama kama siku zote. Kisu cha Eunice hakikusimama.

"Mugendi, ulimlisha mtoto wangu Makandi kwa kijiko hadi siku ya mwisho," akasema. "Hukukimbia. Sitakuzuia." Kisha akainua macho, akamtazama Wambeti kwa mara ya kwanza tangu Novemba. "Na wewe, Kananu amekukubali, nimesikia yote kupitia ukuta. Basi njoo, hapa ni kwake. Lakini usiniombe nifurahi."

"Sitakuomba, Mama."

Eunice akasukuma kigoda kwa mguu. Wambeti akaketi, akachukua kisu cha pili. Walimenya, magoti yao yakikaribia kugusana. Baada ya muda mabega ya yule mama yakaanza kutikisika, machozi yakadondokea kwenye maji ya viazi. Wambeti hakumwambia anyamaze. Alisogeza sufuria karibu, akaendelea kumenya.