Prolini ya Mkono wa Kushoto

"Bryson, ule unga uliokwenda kunichukulia kwa Manan, uliufanya nini?"

Bryson alikuwa kwenye meza yake ya mitumba Mchikichini, anaoanisha raba. Kusikia jina la Manan, mwenye duka la kemikali Kariakoo, raba ikamponyoka.

"Hata salamu hakuna, mchumba?"

"Salamu watakupa wateja wako. Nijibu!"

Leticia alikuwa ametoka maabara moja kwa moja, macho yamevimba. Mwaka mzima huyu dada wa watu anahangaika kutengeneza molekuli za dawa zenye umbo la pete. Molekuli hizo, kama viatu, zina ya kushoto na ya kulia. Moja inatibu, nyingine bure kabisa. Kinachoamua itoke ipi ni kichocheo, unga mweupe uitwao prolini, nao una wa kushoto na wa kulia. Yeye alihitaji wa kushoto mtupu. Kazi ikikubali, anakwenda Ujerumani kusomea uzamivu.

"Leo wakubwa wa maabara wamepima mbele yangu. Pete za upande mmoja zinageuza mwanga unaopita ndani yake, za pande mbili zinafutana. Zangu? Sifuri! Zimetoka nusu kwa nusu. Nafasi ya Ujerumani kapewa Pius, mwenzangu wa maabara."

"Pole, mama. Labda unga ulikuwa mchafu."

"Nimeupima na unga wenyewe. Sifuri vilevile. Uchafu gani unajigawa nusu kwa nusu, Bryson?"

Leticia akapiga simu, akaweka sauti kubwa.

"Manan, mambo? Bryson alichukua nini kwako?"

"Poa, dada Leti. Chupa mbili, ya kushoto na ya kulia. Alisema umemwagiza wewe. Kwani vipi?"

Akakata. Lo! Mwanaume jasho linamtiririka utadhani kamwagiwa ndoo.

"Ulizichanganya."

"Leti..."

"Nani alikufundisha mambo ya kushoto na kulia? Si mimi, nimekaa hapahapa, nikakuonyesha kwa viatu vyako? Nilikufundisha kwa sababu nakupenda, mjinga wewe!"

"Nilidhani itakuchelewesha tu, tufunge ndoa kwanza. Wanaokwenda huko hawarudi. Mimi muuza viatu, ungenikumbuka?"

Leticia akacheka, kicheko kibaya, machozi yanashuka.

"Nilishawaambia wa Ujerumani ndoa kwanza, halafu naondoka na mume wangu. Wakakubali. Nilikuwa nasubiri majibu ya leo ndiyo nikwambie."

Bryson akapiga magoti palepale kwenye vumbi, watu wanamtazama.

"Nisamehe, nakuomba. Nitakwenda kuwaeleza ni mimi."

"Nafasi imeshakwenda. Utawaeleza nini?"

Simu ya Leticia ikalia. Ujumbe kutoka kwa mama yake: "Leti, fundi kamaliza gauni. Njoo ulijaribu mwanangu, limependeza mno."

Akausoma kwa sauti, wote wawili wakalia. Jamani, mapenzi yalikuwepo, hilo mtu asibishe. Ila kila Leticia akimtazama Bryson, anaona zile chupa mbili.

"Ulitaka nibaki Dar," akasema, akivua pete ya uchumba. "Basi nimebaki. Ila sijabaki kwako."

Akaiweka juu ya viatu, akaondoka kuelekea Buguruni bila kugeuka.

Mteja akaokota raba iliyoanguka.

"Kaka, mwenzake wa hii yuko wapi?"

Bryson akaiokota pete juu ya viatu, akaifumbata.