Amana ya Vyumba Viwili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi nne. Alifagia vyumba vyao viwili, akajaza maji ndoo mbili, akakunja vitambaa vya mama yake vilivyotapakaa juu ya cherehani, kisha akapiga mswaki. Kazi ya tano hakuna aliyeijua. Akishamaliza kusukutua, alichungulia mlangoni kuhakikisha mama yuko mbali, halafu alikamua dawa ya meno kidogo kwenye kidole na kuipaka kwenye ufa mrefu uliokuwa ukingoni mwa sinki. Dawa ilikuwa nyeupe na sinki lilikuwa jeupe. Ukitazama harakaharaka, huoni kitu.

"Hivi humu ndani dawa ya meno inaliwa?" mama alilalamika. "Watu wawili tu, wiki mbili haziishi imekwisha!"

Majirani walimpa jina la Chiriku kwa sababu ya kupenda kuongea. Lakini dawa ya meno ilipotajwa, alitulia kama maji mtungini.

Ufa ule ulikuwa na miezi mitatu. Siku hiyo Chiriku alichelewa kuamka. Alipiga pasi sketi yake mbiombio, huku kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine kikiwa bado uvunguni. Alipomaliza, akaiweka pasi ukingoni mwa sinki, ingawa mama alishamkataza mara chungu nzima. Pasi ikateleza. Alisikia mlio mmoja tu, ko! Alipotazama, sinki lilikuwa limepasuka. Alisema moyoni atamwambia mama jioni. Jioni ikawa kesho, na kesho ikawa wiki ijayo.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka sita alishonea barazani kwa watu, na mvua ikinyesha alibeba cherehani na kukimbia nayo ndani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Sasa alikuwa amepata nyumba nyingine yenye chumba kinachotazama barabarani, mahali pa kufungua duka lake mwenyewe. Mwenye nyumba mpya alitaka alipwe kabla ya Jumamosi, la sivyo angempa mtu mwingine.

"Usihofu," mama alimwambia Chiriku walipokuwa wakifunga vyombo. "Tukitoka hapa tutarudishiwa amana yetu. Ndiyo nitakayolipia kule."

Amana ni fedha anayoiacha mpangaji kwa mwenye nyumba anapoingia. Akitoka bila kuharibu kitu, hurudishiwa.

Jumatatu mwenye nyumba akaja kukagua. Wapangaji walimwita Mzee Funguo, maana alitembea na rundo la funguo kiunoni na ulimsikia akija kabla hujamwona. Alipita chumba hadi chumba akiandika kwenye karatasi. Alisimama muda mrefu mbele ya sinki. Alipita na kidole ukingoni, akakitazama kile kidole, kisha akakinusa. Chiriku akajifanya anafunga vyombo.

"Mama," mzee alisema akimkabidhi karatasi, "kwenye amana yako nitakata bei ya rangi ya ukuta wa chumbani ulioota ukungu. Nitakata bei ya bawaba za mlango zilizolegea. Na nitakata bei ya sinki jipya."

Mama alisoma, akasoma tena. Kilichobaki hakikufika hata robo ya amana.

"Mzee, ukuta umelowa kwa sababu ya tangi lako la maji huko juu! Nimekuambia mara tatu. Na bawaba zimelegea kwa kufungua na kufunga mlango. Tuufungue kwa macho?"

"Na sinki je?"

"Sinki hatukuligusa. Muulize hata mwanangu." Mama akamgeukia Chiriku. "Si kweli?"

"Kweli, mama," Chiriku alisema.

Mzee Funguo alimtazama, akatikisa kichwa. "Watu wa nyumba hii mna maneno matamu," alisema, na funguo zake zikaenda zikilia mpaka nje.

Mama hakukubali. Kesho yake alikwenda ofisi ya mtaa kueleza shida yake, na afisa aliyeshughulikia ugomvi wa nyumba akaahidi kuja Alhamisi kujionea mwenyewe. Siku zile mbili Chiriku hakula vizuri. Alimwona mama akishona huku akihesabu siku kwa vidole, na kila mara alipofungua mdomo kusema, aliishia kuchukua ndoo na kwenda kujaza maji.

Alhamisi, alipotoka shule, aliwakuta wote watatu wamesimama katikati ya maboksi. Afisa alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole na viatu vilivyojaa vumbi.

"Shikamoo," Chiriku alisema.

"Marahaba, mwanangu," afisa aliitikia. "Karibu, sisi tunaendelea."

Afisa aliushika ukuta kwa kiganja, akautikisa mlango, akainama mbele ya sinki. Kisha akauliza, "Mzee, mama huyu anasema alikuambia mara tatu kuhusu tangi. Ni kweli?"

"Alisema, lakini sikumwamini," Mzee Funguo alijibu. "Na sasa nimeona nilikuwa sahihi. Sinki hilo nimelipachika mimi mwenyewe, mwezi mmoja kabla hawajaingia. Limepasuka, na ufa umezibwa kwa dawa ya meno! Mtu anayeweza kunifanyia hila ya dawa ya meno, nitamwaminije habari za tangi?"

"Dawa ya meno?" Mama alishtuka. "Mzee, unanivunjia heshima. Nimeishi hapa miaka minne, sijawahi kukudanganya!"

Afisa akashusha pumzi. "Mama, hapa pagumu. Mlichokubaliana hakikuandikwa popote. Nina neno lako na neno lake tu. Kama neno lako juu ya sinki si la kweli, na mengine nitayatilia shaka."

Chiriku alimwona mama yake akianza tena kuhesabu siku kwa vidole. Mama alikuwa amesema kweli yote aliyoijua, na hakuna aliyemsadiki.

"Ni mimi," Chiriku alisema.

Wote wakamgeukia.

"Nililivunja mimi kwa pasi. Dawa ya meno nilikuwa nikipaka mimi kila asubuhi. Mama hajui chochote." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini hakunyamaza. "Na Jumatatu nilidanganya. Lakini la tangi ni kweli. Hata jana maji yalidondoka, tuliweka beseni kitandani."

Mama hakumgombeza. Alikaa tu juu ya boksi la vyombo, kama mtu aliyechoka ghafla.

"Mzee," alisema taratibu, "nisamehe. Sinki ni letu, likate. Sikujua."

Mzee Funguo alikuwa amejiandaa kugombana, lakini hakupata wa kugombana naye. Alikohoa. Akazichezea funguo. "Hebu twende tukalione hilo tangi," alisema.

Walipanda ngazi wote wanne. Nyuma ya tangi bomba lilikuwa limechakaa, na maji yalitiririka kidogokidogo juu ya zege, pale pale juu ya chumba chao. Kutu ilionyesha kwamba halikuwa jambo la juzi.

"Mzee, unaona?" afisa alisema. "Ukuta huu umeharibiwa na bomba lako. Na bawaba, huo ni uchakavu wa kawaida. Nyumba ikikaliwa, inachakaa. Amana haiwekwi kwa ajili hiyo. Unachoweza kukata ni kile mpangaji alichoharibu."

"Nimeona," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Mama, nilipaswa kupanda kuangalia mara ya kwanza uliponiambia. Nilipoona ile dawa ya meno, nikajiambia hawa ni waongo tu. Nisamehe na mimi."

Ijumaa jioni amana ilirudi, ikiwa imepungua bei ya sinki tu. Jumamosi asubuhi cherehani ilikaa kwenye chumba kinachotazama barabarani.

Kabla hawajafungua hata boksi moja, mama alimwita mwenye nyumba mpya. Walizunguka vyumba vyote pamoja, na Chiriku akawa mwandishi wao. Kwenye daftari aliandika kioo chenye mkwaruzo, swichi iliyolegea, na vigae viwili vilivyovunjika bafuni. Wakubwa wawili wakatia sahihi. Sinki nalo halikusahaulika: kila Jumamosi, kwa miezi miwili, Chiriku alishona vifungo vya wateja mpaka bei yake ilipotimia.

Wiki ya tatu alikuwa akifungua dirisha, komeo likamng'okea mkononi. Alisimama akilitazama. Moyo ulimdunda vilevile kama siku ya pasi. Kisha akatembea moja kwa moja hadi dukani.

"Mama, nimevunja komeo la dirisha."

Mama alisimamisha cherehani. "Lini?"

"Sasa hivi."

Mama alilichukua, akaligeuza, akacheka. "Hili skrubu moja tu linapona. Kalete bisibisi." Chiriku alipogeuka kwenda, mama alimshika mkono. "Sikiliza, mwanangu. Siku ile sinki lilipovunjika, tulikuwa tumepoteza sinki tu. Ulipolificha, nusura tupoteze neno letu, na mtu akipoteza neno lake hata haki yake haisikilizwi. Vitu vitavunjika, tutatengeneza. Wewe niambie tu mapema."

"Nimesikia, mama," Chiriku alisema, akakimbia kuleta bisibisi.